Asubuhi kilimani, mchana ziwani

Swali lenu la wiki liliuliza: mtu mwenye siku moja tu ya kutembea kwa miguu karibu na mji wako aende wapi, kwenye maporomoko, ufukweni au mahali pa kutazamia, na ajue nini kabla ya kutoka? Nawajibu kutoka Goma, mashariki mwa Kongo, kando ya ziwa Kivu, na huku swali la "saa ngapi" hutangulia swali la "wapi".

Maporomoko tuyaweke kando mapema. Mji huu umekaa juu ya makoro, mawe ya volkeno yenye matundu na nyufa, na mvua ikinyesha yanainywa papo hapo. Ndiyo maana hakuna mto unaokatiza mitaa yetu kwenda ziwani. Anayetaka maji yanayoanguka apite Sake, mji ulio magharibi mwetu, na kuikabili milima ya Masisi, au aende upande wa Bukavu, kwenye maporomoko ya Tshibati karibu na mbuga ya Kahuzi-Biega. Kutoka Goma hiyo si safari ya siku moja. Ukavu huu unagusa pia mkoba wako: njiani hakuna pa kujaza chupa. Beba lita 2 kwa mtu kwa matembezi ya nusu siku, lita 3 kwa siku nzima. Tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, baridi ya asubuhi inadanganya, na jua la saa sita juu ya mawe meusi linapiga kutoka juu na kutoka chini.

Kabla ya yote, uliza hali ya njia siku ileile, si jana yake. Waulize motari, yaani madereva wa pikipiki za abiria, na akina mama wanaotoka huko sokoni, maana wao wamepita leo. Kuelekea Mugunga na Sake yako maeneo yenye mabomu ambayo hayakulipuka tangu mapigano. Fuata njia iliyokanyagwa na watu kila siku, usikate vichakani, na chuma usichokifahamu usikiguse hata kwa fimbo.

Kanuni sasa: asubuhi panda, mchana ndipo uteremke kwenda ziwani. Milima huonekana alfajiri, hasa baada ya mvua ya usiku iliyoosha hewa. Jua likishapanda, mawingu huanza kumfunika Nyiragongo, volkeno iliyo juu ya mji wetu, na katika kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi na moshi vinaweza kumficha siku nzima. Mabondeni mambo ni kinyume. Saa ambayo kilima ni kizuri kuliko zote ndiyo saa ambayo shimo ni baya kuliko zote, kwa sababu ya mazuku, gesi ya kuua inayotuama mahali pa chini.

Anza basi na Mont Goma, kilima kilicho kando ya bandari. Nacho ni volkeno, ndogo na ya zamani, na kukipanda hakuzidi nusu saa. Uliza chini kama njia iko wazi, na kamera usiielekeze bandarini wala kwa askari. Uwe juu saa kumi na mbili na nusu. Kaskazini utamwona Nyiragongo, mita 3,470, mdomo wake mpana kama chungu kilichovunjwa ukingo. Kulia ni ncha kali ya Mikeno, mita 4,437, na mgongo wa Karisimbi, mita 4,507. Kushoto, ameinama zaidi, ni Nyamulagira, mita 3,058. Wageni wengi huomba wapelekwe Nyiragongo kwenyewe wakidhani ni jambo la asubuhi moja. Siyo. Kutoka Kibati, inakoanzia njia, hadi ukingoni ni kupanda karibu mita 1,500, na hata njia inapokuwa wazi kwa wageni watu hulala juu.

Ukiteremka, pita katikati ya mji kwa miguu. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo alilipuka, makoro ya moto yakatokea upande wa Munigi, yakafunika mwisho wa kaskazini wa uwanja wa ndege, yakaukata mji na kumwagika ziwani. Nyumba zimejengwa tena juu yake, kwa hiyo usitafute mto mweusi. Tafuta kuta za mawe meusi, na mahali ambapo barabara iko juu kuliko milango ya majengo ya zamani.

Saa nne panda pikipiki kuelekea magharibi kwa barabara ya Sake, upite Ndosho na Mugunga hadi Lac Vert. Patana na motari bei ya kwenda na kurudi, na saa ya kukuchukua. Ukitembea kwenye barabara hiyo, kaa nje kabisa ya lami: tshukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, lililobeba magunia ya makaa halisimami kwa ghafla likishapata mteremko.

Lac Vert ni kreta, yaani mdomo wa volkeno ya zamani, yenye maji ya kijani, si mbali na ufuko wa ziwa Kivu. Uzuri wake uko ukingoni. Ukiwa juu unaona maji mawili kwa pamoja, yale ya kijani yaliyotulia miguuni pako na yale ya buluu ya Kivu upande wa pili. Zunguka ukingoni taratibu, kaa, kula chakula chako hapo juu. Usiteremke kwenye shimo lolote la eneo hili, kubwa au dogo, hata kama kuna kivuli kizuri.

Mazuku ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayopenya kutoka ardhini kwenye nyufa za makoro, kuanzia pande za Goma hadi Sake. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, basi hutiririka kama maji na kutuama mahali pa chini. Haina rangi, na ikiwa kidogo haina harufu. Usiku upepo ukilala inajaa shimoni. Jua likipanda na upepo wa ziwani ukiamka inapungua. Inapungua tu, haiishi: mashimo yaliyofungwa pande zote hubaki nayo hata saa nane mchana.

Jambo linaloua watu ni kwamba gesi ina kimo. Inaweza kukufikia magotini na wewe ukaendelea kuzungumza vizuri, kwa kuwa pua yako iko juu yake. Ukiinama kufunga kamba ya kiatu, umeingiza kichwa ndani. Hewa yenye asilimia 10 ya gesi hii inamwangusha mtu mzima ndani ya dakika chache, na akianguka anakuwa amelala chini yake. Mtoto anayetembea kando yako hana kimo chako. Mbwa hata zaidi. Mahali pa mashaka mtoto abebwe mabegani, au safari igeuzwe.

Dalili zipo kwa anayeangalia. Panzi, mjusi au ndege amekufa bila jeraha chini ya shimo. Majani ya chini yamekauka huku ya juu yakiwa mabichi. Mwilini, pumzi inakwenda mbio ingawa hupandi mlima, kichwa kinagonga, na puani unasikia mchomo kama wa soda inayopanda puani. Ukihisi moja kati ya hayo, usikae kulijadili. Panda juu, upande unakotoka upepo.

Kuna wanaojaribu shimo kwa kushusha majani yanayowaka. Elewa jaribio hilo linasema nini. Moto ukizimika, hatari imethibitika. Moto ukiendelea kuwaka, usalama haujathibitika, kwa sababu mwali unaweza kuvumilia hewa ambayo tayari inaangusha mtu. Mimi nisingemruhusu mtu kushuka kwa kuuamini mwali wa moto.

Na mwenzako akianguka shimoni, usimfuate. Najua ni neno gumu. Lakini mara nyingi mazuku huchukua wawili: aliyeanguka na aliyekimbia kumwinua. Kubana pumzi hakusaidii, maana kumvuta mtu mzima juu ya makoro kunakulazimisha kuhema. Beba kamba ya mita 10 katika kila kikundi, umtupie angali anasikia. Akiwa hasikii tena, tumia mti mrefu wenye kulabu kunasa mkanda au nguo, ukiwa umesimama juu. Akishatoka mlaze mahali pa juu penye upepo, na kama hapumui mpulizie pumzi mdomoni huku mwingine akitafuta gari la kwenda hospitali.

Viatu: soli nene, kamba zilizokazwa, kamwe si kandambili. Makoro hukata kama chupa iliyovunjika, na anayeteleza huweka mkono chini kwanza, kwa hiyo glavu za kazi za fundi mwashi zina faida kuliko fimbo. Juu ya makoro mapya, mfano yale ya 22 Mei 2021 upande wa Buhene, kuna sehemu ambazo ganda ni jembamba na chini yake ni wazi. Likitoa mlio mtupu ukikanyaga, rudi nyuma. Hesabu kilomita 2 kwa saa, si zaidi. Utando mweupe wa kuvumwani (kuvu na mwani vinavyoota pamoja) juu ya mawe ya zamani huteleza sana ukilowa.

Mwisho wa mchana ni wa ziwa. Ufuko wetu kwa sehemu kubwa ni mawe, na makoro hushuka majini kama ngazi iliyovunjika: hatua tatu maji yako kiunoni, ya nne huna ardhi. Asiyejua kuogelea avae koti la kuelea. Watu huogopa gesi iliyoyeyuka katika Kivu. Ile iliyo nyingi, pamoja na methani, imefungiwa kwenye kina cha zaidi ya mita 250, katika ziwa linalofika mita 485, na haimgusi anayeogelea juu. Hofu yako iweke karibu na mawe. Ukiona mapovu yanapanda mfululizo kutoka chini, hapo gesi inatoka, na maji yakiwa tulivu inalala juu yake, sawasawa na kimo cha pua ya muogeleaji. Sogea mbali na hapo, au toka.

Saa kumi kusanyeni vitu. Upepo wa ziwani huanza kuchoka jioni, na kufikia saa kumi na mbili giza linaingia kwa haraka. Motari uliyepatana naye akichelewa, msubirini barabarani, juu, si kwenye kivuli cha bondeni.