Barua kutoka São Paulo: mnauliza, najibu

Nimepata nafasi ya shahada ya uzamili huko. Nikifika nianze na nini? (Msomaji, Tanga)

Anza na CPF. Ni namba ya mlipakodi, tarakimu 11, na bila hiyo hapa wewe ni kivuli tu. Laini ya simu, akaunti ya benki, mkataba wa nyumba, vyote vinaidai. Hata ukinunua mche wa sabuni, keshia atakuuliza, “CPF na nota?”, yaani aiandike kwenye risiti? Mara ya kwanza nilidhani ananidai hela ya ziada. Nikabishana naye kwa Kireno changu cha siku tatu, foleni nyuma yangu ikiguna. Unaweza kuiomba ungali nyumbani, kupitia ubalozi wa Brazil. Halafu, ukiingia na viza ya kuishi, una siku 90 za kujiandikisha Polícia Federal. Weka miadi mapema.

Mwenye nyumba anataka mdhamini mwenye nyumba mjini hapa, na juu yake amana ya miezi sita. Nifanyeje? (Mmombasa aliye São Paulo)

Usitoe hata senti. Sheria ya upangaji ya mwaka 1991 inamruhusu kudai dhamana ya aina moja tu kwenye mkataba: akitaka mdhamini, basi amana aisahau. Na amana ya fedha taslimu haizidi kodi ya miezi mitatu. Mgeni ndiye anayejaribiwa kwa sababu wanajua hajui. Akishikilia msimamo, tafuta nyumba nyingine.

Ugali unapatikana? (Mama wa mwanafunzi, Morogoro)

Mama, mwanao hatalala njaa. Unga wa mahindi unaitwa fubá, neno lililovuka bahari na Waafrika kutoka Angola. Wa kawaida ni wa njano, kwa hiyo ugali utakuwa na rangi ya kiini cha yai. Mkono utazoea kabla ya macho. Mboga ni couve, ndugu yake sukuma wiki. Kila mtaa una siku yake ya gulio, feira, na muuzaji hukukatia couve palepale, nyembamba kama nyuzi. Mwambie aende mchana wanapokaribia kufunga. Saa hiyo wanaiita xepa, na bei huporomoka.

Kireno ni kigumu? (Msomaji, Kigoma)

Unacho kidogo tayari: meza, bendera, mvinyo, leso, vyote vya Kireno. Matamshi ndiyo yatakusumbua. Usitegemee Kiingereza.

Hospitali je? (Msomaji huyohuyo)

SUS, huduma ya afya ya umma, ni bure, mgeni pia anatibiwa. Foleni ipo.

Nawapigia simu nyumbani nawakuta wamelala. Tofauti ya saa ni ngapi? (Msomaji, aliyehamia juzi)

Saa sita, nao wametangulia. Lakini wewe Mswahili huna haja ya kupiga hesabu. Tazama saa ya ukutani ya hapa, kisha isome ilivyo: mshale ukiwa kwenye tatu alasiri, Dar ni saa tatu usiku, wanaosha vyombo. Ukiwa kwenye tano, ni saa tano usiku, waache walale. Mimi sijawahi kubadilisha saa yangu ya mkononi wala kuongeza ya pili.