Goti langu lilijua, mdomo wangu haukusema

Tandika, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na zabibu za Dodoma zimefika salama. Baba yako amekula nusu yake hata sijaziosha. Binamu yako anapanda treni kurudi huko Jumanne asubuhi, kwa hiyo nimeona niandike kwa mkono akuletee. Mambo haya siwezi kuyasema kwenye simu huku vocha inakimbia.

Umeniuliza jambo moja. Umepewa wasichana wanane wapya na wiki mbili, na wengi wao hawajawahi kugusa cherehani za kiwandani. Meneja anataka uwafundishe wote kwa pamoja ili muda usipotee, wewe unaona bora mmoja mmoja. Je, mama, yupi yuko sahihi? Halafu mwisho kabisa, kwa mstari mmoja tu, ukaandika kwamba kuna mmoja aliyetoka Kondoa ambaye "hashiki", na huenda usiendelee naye majaribio yakiisha.

Nitakujibu lile la kwanza. Ila huo mstari wa mwisho ndio ulionikalisha macho usiku.

La kwanza si gumu. Yale ya kusikia, waambie pamoja. Waambie mashine izimwe kabla ya kuweka uzi, maana mguu ukigusa pedali kwa bahati mbaya sindano haichagui kati ya kitambaa na kidole. Waambie wabane nywele na ncha za mtandio. Wape shati zima lililokwisha kushonwa, walipitishe mkono kwa mkono, kila mmoja ajue kipande chake kinakwenda wapi. Anayeshona kafu bila kujua mkono wa mtu utapita humo anashona kwa kukisia. Hayo yote hata watu ishirini watayasikia.

Lakini watu wanane hawawezi kuiona sindano moja. Wataiona wawili, labda watatu wakibanana, na wengine watakuwa wanaangalia migongo ya wenzao. Na usimweke mtu mkabala nawe, kwa sababu ataiona mikono yako kinyume, kulia kwako kuwe kushoto kwake. Mkalishe ubavuni. Siku ya kwanza wape karatasi za daftari zenye mistari, sindano iwe haina uzi, washone juu ya mistari mpaka mguu uzoee pedali. Karatasi haina hasara, na matundu yake yatakuonyesha nani anakimbia na nani anaogopa. Kwa hiyo meneja wako ana haki yake, nawe una yako. Mengine unayajua. Umekulia chini ya meza ya cherehani.

Sasa nikuulize mimi. Huyo wa Kondoa umejuaje kwamba hashiki? Na hao saba umejuaje kwamba wameshika?

Maana najua unavyofanya, ndivyo nilivyofanya mimi. Unaonyesha, unageuka, unauliza, "Mmeelewa?" Wanaitikia, "Ndiyo, dada." Mwanangu, hilo si jibu. Mtu akikuuliza habari za nyumbani unasema nzuri, hata kama mtoto ana homa na unga umekwisha. "Nimeelewa" ni hivyo hivyo. Ni heshima anayokupa mkubwa wake. Msichana aliyelelewa vizuri hawezi kukuambia mbele ya watu kwamba maneno yako hayakumwingia, anaona kama anakutukana. Tunawaambia kuuliza si ujinga, halafu anayeuliza mara ya pili tunamtazama kwa jicho ambalo yeye analisoma vizuri sana. Usimuulize mtu kama ameelewa. Nilikwambia hivyo ulipokuwa unamfundisha mdogo wako kuwasha jiko la mchina, nawe unakumbuka pazia lilivyokwisha.

Habari ya goti langu mnaijua. Mnamsimulia kila mgeni: mama alianguka kwenye msongamano mwaka 1999, tulipokwenda Uwanja wa Taifa kumuaga Mwalimu, akarudi nyumbani amebebwa na baba. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili sijawahi kuisema nyumbani kwetu, hata baba yako haijui yote.

Wiki chache kabla ya msiba ule nilikuwa msimamizi wa laini ya kola, pale kiwandani Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni ya Nyerere. Tulikuwa na oda kubwa ya mashati meupe ya shule, yawe madukani kabla ya Januari. Wakaniletea binti wa Kisarawe. Jina lake nalikumbuka, ila sitaliandika hapa. Alikuwa mpole, mikono mirefu, vidole safi. Nikamkalisha ubavuni kwangu kama ninavyokuambia umkalishe wako, nikamwonyesha njia ya uzi: hapa, hapa, kisha kati ya visahani viwili vya kukaza, juu, chini, kwenye tundu la sindano. Nikamwonyesha mara tatu. "Umeelewa?" Akasema, "Nimeelewa, mama."

Alipoanza peke yake, juu ya kitambaa mshono ulikuwa mzuri, chini yake nyuzi zimejisokota kama kiota cha ndege. Nikamwambia akague bobini, kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini, kwa kuwa uchafu ukiwa chini kila mtu anaitazama bobini. Akaitoa, akaifuta, akairudisha. Kiota kile kile. Nikaja mimi, nikauvua uzi wote, nikauweka upya, nikashona, mshono safi juu na chini. Nikamtazama. Hakusema kitu. Nikaondoka. Uzi ukakatika, akauweka mwenyewe, viota vikarudi. Ikawa hivyo siku nne. Kola nyeupe zilizofumuliwa zinabaki na matundu, nazo zilijaa kikapu. Siku ya tano mkubwa wangu akapita, akakitazama kikapu, akaniuliza, "Huyu vipi?"

Nikamjibu, "Hashiki."

Neno hilo hilo uliloniandikia. Sikuongeza jingine, wala sikuhitaji kuongeza. Jumamosi alilipwa siku zake akaambiwa asirudi. Alikuja kuniaga. Alisema, "Asante mama kwa kunifundisha." Alikuwa anamaanisha.

Kisha Mwalimu akafariki, tarehe 14 Oktoba, nchi ikasimama. Nikaenda uwanjani, nikaanguka. Niliporudi kazini goti la kulia lilikuwa limevimba, nimelifunga bendeji, halikunji. Nikakaa kwenye mashine yangu mwenyewe niliyoishonea miaka saba. Nikaweka uzi. Nikashona. Nikageuza kitambaa.

Kiota.

Nikaitoa bobini, nikaifuta, nikairudisha. Kiota. Nilikaa pale mikono ikiwa mapajani, na sijui nilikaa muda gani. Unazijua mashine zile: chini ya meza kuna kipande cha chuma unachokisukuma kwa goti la kulia, mguu unaobana kitambaa unanyanyuka. Mguu ule ukinyanyuka, visahani vya kukaza uzi vinaachana, uzi unaingia katikati. Ukiuweka uzi mguu ukiwa chini, visahani vimebanana, uzi unapita pembeni, hakuna kinachoushika. Kwa hiyo unalegea, na ulegevu wa uzi wa juu unajitokeza chini. Miaka saba, kila ninapoweka uzi, goti langu lilikuwa linasukuma kile chuma. Sikuwa najua kwamba linasukuma. Binti alitazama mikono yangu kama nilivyomwambia, akaiga mikono yangu, na mikono yake haikukosea hata mara moja. Nani angetazama goti la mkubwa wake chini ya meza?

Nilikwenda kwa yule mkubwa nikamweleza. Akasema nafasi imeshapata mtu. Hapo ndipo ningesema neno la pili, mwanangu, nami nikanyamaza. Nilikuwa na ninyi watatu, na ada. Najiambia hivyo. Siku nyingine najiambia kwamba ada isingepotea kwa kusema sentensi moja zaidi. Nilikwenda Kisarawe mara moja, nikaulizia pale stendi kwa jina lake la kwanza tu. Nilirudi jioni hiyo hiyo, nikawaambia nilikwenda msibani.

Miaka miwili baadaye wasimamizi tuliitwa kwenye mafunzo ya siku chache ya namna ya kufundisha kazi. Mwalimu wa mafunzo hayo alikuja na kipande cha waya wa taa. Akamwita mmoja wetu mbele, akamweleza kwa maneno matupu namna ya kufunga lile fundo ambalo mafundi umeme hulifunga ndani ya holda, ili waya ukivutwa uzito usiende kwenye skrubu. Mwenzetu akashindwa. Akamwita mwingine, huyu akamfungia fundo mbele ya macho yake bila kusema neno. Naye akashindwa. Mara ya tatu akaonyesha hatua moja, akaitaja, akasema pale inapoharibikia na kwa nini, kisha akampa waya mwanafunzi afunge huku akisema kila hatua kwa mdomo wake. Fundo likakaa.

Alitueleza kwamba somo lile lilitungwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vilipojaa watu ambao hawajawahi kukanyaga kiwandani, wanawake wengi miongoni mwao. Msimamizi alifundishwa saa 10 tu, vipindi vitano vya saa mbili, na hatua zilikuwa nne: mwandae mtu, mwonyeshe kazi, mwache ajaribu, mfuatilie. Na walikuwa na msemo wao: mfanyakazi asipojifunza, mwalimu hajafundisha. Wenzangu waliandika kwenye madaftari. Mimi nilitoka nje nikaenda kunawa uso.

Tangu siku hiyo sikumuuliza mtu kama ameelewa. Nilikuwa nakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, namwambia, "Sasa mimi ndiye mgeni. Nifundishe." Hapo ndipo unausikia ukweli. Anayejua kwa mikono tu atakwama katikati ya sentensi, na pale anapokwama ndipo ulipomwacha. Mmoja wa Mbagala siku yake ya tatu aliniwekea mkono gotini, akasema, "Sukuma hapa kwanza, mama, visahani viachane, la sivyo unatia uzi bure." Nilimkumbatia mbele ya laini nzima. Hakujua kwa nini, nami sikumweleza.

Je, msemo ule ni kweli wote? Nimebishana nao miaka mingi. Unamkumbuka yule fundi aliyekuja na ujuzi wake wa mtaani, aliyekuwa akikata kola kwa macho bila chaki? Nilimfundisha mara nne. Alinirudishia somo neno kwa neno, kisha akigeuka anafanya lake. Huyo nilimfundisha, na alijifunza, ila hakutaka. Kwa hiyo wapo. Usije ukajibebesha kila mzigo, na kuna mikono ambayo kazi hii si yake, hilo nalo nimeliona. Nikifika hapo kwenye hoja huwa naona nimeshinda. Halafu namkumbuka yule binti akisema asante, na hoja yangu yote inakuwa na harufu ya mtu anayetafuta pa kutokea.

Kwa hiyo huyo wa Kondoa. Unataka nikuambie umbakishe, nakujua, ili ukimbakisha uwe umenitii mimi. Au nikuambie umwache, ili lawama iwe yangu. Nina jibu, liko kwenye ncha ya ulimi, na nimeliandika hapa mara mbili nikalifuta. Sijaiona mikono yake. Anaweza kuwa kama yule fundi. Wiki mbili ni wiki mbili, na wale saba wana haki ya muda wako. Lakini kabla hujamwandikia chochote, kaa kwenye kiti chake, yeye akae ubavuni, akufundishe wewe kuweka uzi tangu mwanzo. Usimsaidie neno. Na siku nyingine mwombe mtu akutazame wewe unapofanya kazi hiyo hiyo, atazame kila kitu, chini ya meza pia.

Nimempa binamu yako korosho na kanga mbili, ile ya bluu ni yako. Baba yako anauliza kama mkopo wa kiwanja umetoka.

Ukinipigia wiki ijayo, anza kwanza na habari za huyo binti. Jina lake hukuniandikia.

Mama yako