Vifaa vyote nimevipa kipaumbele, mbona vinachelewa zaidi?

Swali: Tuna vihisi na vidhibiti 30 kwenye mtandao mmoja wa Wi-Fi 6, pamoja na kompyuta chache. Kila kihisi hutuma pakiti ndogo kila milisekunde 20. Wastani wa ucheleweshaji ulikuwa milisekunde 4, ila mara mojamoja pakiti ilichelewa hata 80. Fundi akaviweka vyote kwenye daraja la sauti (kipaumbele cha juu kabisa cha Wi-Fi, kilichokusudiwa mazungumzo ya simu), akapanua chaneli kutoka megahezi 20 hadi 80. Hali imezidi kuwa mbaya. Tununue ruta yenye kasi kubwa zaidi?

Jibu: Hapana. Na huyo fundi asiguse kitu tena mpaka akueleze alitegemea nini kitokee.

Ushauri wa kupandisha kila kitu kipaumbele cha juu nakutana nao kila mara, na kila mara unatoka kwa mtu anayedhani kipaumbele ni ratiba. Daraja la sauti halimpangii yeyote zamu. Kifaa chenye pakiti husikiliza hewa. Ikitulia, huchagua namba kwa bahati nasibu na kuhesabu kurudi sifuri ndipo kitume, hatua moja maikrosekunde 9. Kifaa cha daraja la kawaida huchagua kati ya 0 na 15, na kikizidi kugongana na wenzake wigo huo hupanuka hadi 1023. Cha daraja la sauti huchagua kati ya 0 na 3, na kikigongana huishia 7. Siri yake kubwa ni hiyo. Inafaa sana simu mbili tatu zinapogombea hewa na watu wanaopakua mafaili. Lakini kila gari barabarani likiwasha king'ora, nani atampisha nani?

Utasema vihisi vyako havitumi kwa wakati mmoja. Kweli, mpaka kompyuta moja ishike hewa kwa milisekunde 5 ikipeleka faili. Katika muda huo saba au vinane vimeshapata pakiti, na hewa ikitulia vyote vinagombea namba nne. Vitakavyochagua namba ileile na kutuma kwa pamoja havikosekani. Pakiti zikigongana uthibitisho wa kupokelewa haurudi, na kifaa mara nyingi hudhani mawimbi ni hafifu, kinashusha kasi ya kutuma. Sasa pakiti ileile inakaa hewani muda mrefu zaidi, na wanaosubiri wanaongezeka.

Upana wa chaneli nao haukusaidia kitu. Pakiti yako ni ndogo. Muda mwingi unapotea kwenye kusubiri na kwenye utangulizi wa kila fremu (bahasha ya redio inayobeba pakiti), na hivyo havipungui kwa kupanua chaneli. Ulichopata ni nguvu ileile ya redio kutandazwa mara nne, pamoja na majirani wengi zaidi wa kugombana nao.

Unachohitaji ni ruta iite vifaa, visijiitie vyenyewe. Wi-Fi 6 inao uwezo huo: OFDMA, yaani kugawa chaneli vipande kwa vifaa vingi kwa wakati mmoja, ya upande wa kupanda (kutoka kifaa kwenda ruta). Ruta hutaja nani atume na kwenye kipande kipi cha chaneli, nao hujibu kwa pamoja baada ya maikrosekunde 16. Megahezi 20 hugawanyika hadi vipande 9, na 80 hadi 37. Hapo ndipo upana una maana. Kagua kama imewashwa (ruta kadhaa huiwasha upande wa kushuka tu) na kama vihisi vyenyewe vinaielewa. Wi-Fi 7 huenda mbali zaidi: kifaa hutangaza ukubwa wa pakiti zake, muda kati ya pakiti moja na nyingine na kikomo cha kuchelewa, na ruta inaweza kutenga muda ambao wengine lazima wawe wamemaliza kutuma kabla haujaanza. Vifaa vya zamani na mtandao wa jirani havitii agizo hilo, kwa hiyo usiahidiwe miujiza.

Kabla ya hayo yote, turudi kwenye zile 80 za mwanzo. Ucheleweshaji mkubwa unaotokea kwa nadra mara nyingi ni kifaa kuhama chaneli kwenda kutafuta mitandao mingine. Zima utafutaji huo, rudisha chaneli kwenye 20, hamishia kompyuta kwenye chaneli nyingine, na daraja la sauti libaki kwa vidhibiti vichache ambavyo vikichelewa kitu kinasimama. Kisha pima tena.

Na wengine mnaosoma: kitufe cha "kupunguza ucheleweshaji" kwenye ruta za michezo, programu za "kuongeza nguvu" ya Wi-Fi, kifurushi cha kasi kubwa, hakuna hata kimoja kinachobadilisha jinsi vifaa vyako vinavyogawana hewa. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kinadharia, haihesabu vifaa vinavyogombea hewa. Muuzaji akikutajia wastani, muulize pakiti iliyochelewa kuliko zote katika kila elfu ilichukua muda gani mtandao ukiwa umejaa. Akikosa jibu, usinunue.