Kabla hujauliza kama simu inafundisha, uliza simu ni ya nani

Wadogo zangu mnaoanza shahada ya uzamili hapa Dar es Salaam, pale Mlimani, Chang'ombe au Chuo Kikuu Huria, na mmeshaamua kwamba tasnifu zenu zitahusu kujifunza kwa simu, karibuni sana. Nawaandikia kwa sababu mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii niliupoteza kwa swali moja bovu, na sitaki mwingine aupoteze vivyo hivyo.

Dodoso langu la kwanza nililigawa Mbagala. Lilikuwa na swali: "Je, nyumbani kuna simu?" Karibu kila mwanafunzi alitia vema kwenye "ndiyo". Nikafurahi, nikaanza kuwatumia maswali ya hesabu kila siku saa kumi alasiri, wakiwa wametoka shule. Majibu yalikuja machache, tena mengi usiku sana. Kwenye daftari nikaandika kwamba wanafunzi hawana ari. Ilibidi nifike nyumbani kwa mmoja wao ndipo mama yake anieleze kwamba simu anatoka nayo saa kumi na moja alfajiri kwenda Kariakoo. Ndiyo anayopokelea oda na malipo, na hairudi nyumbani mpaka giza limeingia. Mtoto alikuwa anaisubiri mlangoni. Ari alikuwa nayo tele, na mimi nilikuwa nimeshamhukumu kwa maandishi.

Siku hizi dodoso langu linaanza na mengine: simu ni ya nani, inatoka na nani asubuhi, ni kitochi au simu janja, nani huisoma meseji kabla ya mtoto, bando hununuliwa lini na la kiasi gani. Hilo la bando msiliruke. Zipo nyumba ambazo bando hununuliwa pale tu panapokuwa na jambo, na video yako ya dakika kumi inaweza kulimaliza lote. Kumbukeni pia kwamba wanafunzi wetu wa msingi na sekondari hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni. Kwa hiyo ukitafiti simu na mwanafunzi wa Dar es Salaam, unatafiti maisha ya nyumbani kwao, upende usipende.

Katika kusoma tafiti za wenzenu, anzeni na ya Botswana. Shule zilipofungwa mwaka 2020, Noam Angrist na wenzake waligawanya familia zaidi ya 4,000 kwa bahati nasibu. Wengine walipata meseji za hesabu kila wiki, wengine meseji pamoja na simu ya mwalimu ya kama dakika 20, na wengine hawakupata kitu. Meseji peke yake hazikuleta tofauti ya kuaminika. Waliopigiwa simu walipanda katika hesabu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022, nami nimeyasoma mara nyingi kwa sababu ya jambo moja dogo katika utaratibu wao: mzazi aliombwa aweke spika ili asikilize pamoja na mtoto. Hapakuhitajika intaneti wala simu janja.

Halafu someni makala ya Richard Clark ya mwaka 1983, ingawa ni ya zamani kuliko wengi wenu. Alisema chombo cha kufundishia ni kama lori la vyakula: linafikisha mzigo, lakini lishe haitoki kwenye lori. Wapo waliompinga vikali, nami siamini kwamba alikuwa sahihi kwa kila kitu. Hata hivyo, kila mara mtu anaponiambia "programu yangu imeongeza ufaulu", namuuliza: je, kundi la pili, la wasioitumia, lilipata muda uleule wa mazoezi? Mara nyingi jibu ni hapana. Basi huenda kilichowasaidia ni mazoezi, maana faida ya kujipima mara kwa mara inajulikana hata kwa kalamu na karatasi.

Hapa kwetu tunao mfano wa Tanga, ule wa XPRIZE, shindano la kimataifa la kutengeneza programu za kujifunzia, lililomalizika mwaka 2019. Watoto wa vijijini walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, vikichajiwa kwa umeme wa jua, na wakapimwa baada ya miezi 15. Wengi walianza hawasomi hata neno moja. Walipiga hatua kweli, ila baadhi walibaki hawajui kusoma. Mkiutaja mfano huu, tajeni pande zote mbili.

Pia msikimbilie matokeo yanayovuma. Mwaka 2017 Adrian Ward na wenzake, Marekani, walionyesha kwamba simu kuwepo tu mezani, hata haijaguswa, inapunguza uwezo wa kufikiri. Habari ilienea kila mahali. Baadhi ya watafiti waliorudia jaribio hilo baadaye hawakuipata tofauti hiyo. Kabla ya kunukuu, tafuteni nani amerudia na amepata nini.

Kuhusu vibali, anzeni mapema. Barua ya chuo inapita mkoani, wilayani, kisha kwa mkuu wa shule, na likizo za Juni na Desemba hazimsubiri mtu.

Utafiti wangu wa pili niliufanya kwa kupiga simu saa mbili usiku, baada ya kuwauliza wazazi saa inayowafaa, na gharama zote zilikuwa zangu. Mama mmoja anayeuza vitenge aliweka spika, mwanawe akawa anakokotoa asilimia. Katikati ya swali la tatu mama akajibu kabla ya mtoto, na akajibu sawasawa, kisha wakaanza kubishana njia ipi ni fupi. Kwenye fomu yangu hapakuwa na mahali pa kuandika hilo, nikaliandika pembeni kwa penseli. Fomu ninayotumia sasa ina safu yake: "Nani mwingine alijibu?"