Fundi wa Sauti Anajibu: Priamplifaya ya Valvu

Barua za mwezi huu kutoka Tabora na Kigoma zinauliza juu ya kisanduku kimoja: priamplifaya ya valvu, ile inayokaa kati ya gramafoni na amplifaya kubwa na kukuza sauti kwa valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani. Kwa kuwa kisanduku ni kidogo na hakiunguzi kama amplifaya, wengi wanakichukulia kama redio ya betri. Ndani yake mna volti 250 hadi 300 za umeme wa moja kwa moja, na hazitoki mara tu unapozima swichi. Soma majibu yote kabla ya kushika bisibisi.

Isevya, Tabora
*Habari za kazi. Marehemu baba ameniachia priamplifaya ya valvu, gramafoni, na santuri zake za Tabora Jazz. Imekaa kabatini zaidi ya miaka ishirini. Ina valvu tatu, mbili ECC83 na moja ECC82. Nichomeke tu, au kuna la kufanya kwanza?*

Pole kwa kuondokewa na mzee. Usiichomeke bado.

Kinachozeeka kabatini si valvu. Valvu nzima ikikaa pakavu huvumilia miongo. Kinachokufa ni kapasita za kuchujia umeme, yale makopo ya alumini karibu na transfoma. Ndani yake mna utando mwembamba sana wa oksidi unaozuia umeme usipite, na kapasita isipotumika utando huo hudhoofika. Ukiitupia volti 300 kwa ghafla inavujisha umeme, inachemka, inaweza kupasuka, na mara nyingi inaondoka na transfoma. Kapasita mpya utaipata. Transfoma ya aina ileile utaitafuta sana.

Anza kwa macho. Plagi ikiwa nje ya soketi, fungua kifuniko, pulizia vumbi kwa brashi laini, tafuta kapasita iliyovimba au iliyotoa ute, waya uliotafunwa, na mijusi. Mjusi aliyekaukia kati ya mguu wa valvu na chesisi (bati linaloshika vifaa vyote) ni shoti tayari. Tazama juu ya kioo cha kila valvu: pana doa linalong'aa, la rangi ya fedha au jeusi-jeusi. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo ni ya kutupa. Ukiichomoa, ivute wima huku ukiiyumbisha kidogo sana. Miguu yake tisa ni myembamba. Mguu uliopinda unyooshwe kwanza, kwa sababu ukilazimisha ndipo kioo hupata ufa chini.

Kisha angalia waya wa plagi. Vyombo vingi vya zamani vina nyaya mbili tu. Weka waya wa nyaya tatu: wa kahawia (laini) uingie kwenye fyuzi kisha swichi, wa buluu (nyutro) uende transfoma, wa kijani-njano (ethi) ufungwe kwenye chesisi kwa bolti yake peke yake, rangi ikiwa imekwanguliwa hadi bati lionekane. Wa ethi uache uwe mrefu kidogo kuliko wenzake ndani ya boksi, ili waya ukivutwa uwe wa mwisho kung'oka. Pima kwa mita kutoka mguu mkubwa wa plagi hadi bati la boksi: isizidi omu 1. Fyuzi ya plagi iwe ampea 3, si 13. Ya ndani iwe kama ilivyoandikwa kwenye boksi. Kwa kawaida ni miliampea 500 au chini, ya aina inayochelewa kukatika. Nyuzi za shaba zilizosokotwa si fyuzi.

Sasa tafuta taa ya zamani ya waya mwembamba, wati 40, uiunge kwenye laini kwa mfuatano, yaani umeme upite kwenye taa ndipo ufike kwenye priamplifaya. Taa ya LED haifanyi kazi hii. Funga soketi ya taa na soketi ya ukutani juu ya ubao mmoja, viungo vyote vikiwa vimefunikwa. Ukiwasha, taa itang'aa kidogo, kisha ndani ya sekunde chache itafifia hadi wekundu. Hiyo ndiyo dalili njema: priamplifaya inapata umeme pungufu na kapasita zinajijenga upya taratibu. Taa ikibaki inang'aa kwa nguvu zote, ndani mna shoti; zima, usijaribu tena mpaka ipatikane. Ikififia vizuri iache saa moja, usiguse kitu, na usitoke chumbani.

Baada ya saa hiyo zima, chomoa plagi, kisha toa umeme uliobaki kwenye kapasita. Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo tunalieleza kwa kituo. Chukua rezista (kifaa kinachozuia mkondo wa umeme) ya kilo-omu 10, wati 5, yenye nyaya za kutosha zilizovikwa plastiki na vibanio ncha zote mbili. Kibanio kimoja kwenye chesisi, kingine kwenye chanya ya kapasita, mkono mmoja tu ukifanya kazi na wa pili ukiwa mfukoni. Kwa kapasita ya mikrofaradi 100, kila sekunde 1 umeme unashuka hadi kama theluthi, na kwa sekunde 5 unashuka chini ya asilimia 1. Wewe shikilia sekunde 10, kisha pima. Mita ikisoma chini ya volti 10 ndipo uguse. Wapo wanaogonganisha kwa bisibisi. Ile cheche inachimba chuma na inaweza kuua kapasita iliyokuwa nzima. Vilevile unganisha rezista ya kudumu ya kilo-omu 220, wati 2, kati ya chanya ya kapasita na chesisi. Itakula chini ya nusu wati na kumaliza umeme wenyewe ndani ya dakika mbili kila unapozima. Hata hivyo pima, kwa maana rezista nayo hukatika.

Shika kapasita: ikiwa ya vuguvugu wakati haiko jirani na valvu, ibadilishe. Maoni yetu ni kwamba za umri huo zibadilishwe zote hata zikifaulu, kwa mikrofaradi zilezile na volti 450 au zaidi. Usiongeze mikrofaradi kwa tamaa. Kama umeme unageuzwa kuwa wa moja kwa moja na valvu kama EZ80, kapasita ya kwanza isizidi mikrofaradi 50, la sivyo valvu hiyo inaumia kila unapowasha. Badilisha pia kapasita za karatasi zinazopitisha sauti kutoka valvu moja hadi nyingine. Weka za polipropilini za volti 630.

Kupima ni rahisi ukijua pa kupima. Bana waya mweusi wa mita kwenye chesisi umeme ukiwa umezimwa, kisha washa, na tumia mkono mmoja na waya mwekundu tu. Ukitazama kitako cha ECC83 kwa chini, hesabu miguu kuanzia kwenye pengo, kufuata saa. Mguu wa 3 na wa 8 ni kathodi, sehemu inayotoa elektroni. Ukikuta volti 1.5 juu ya rezista ya kilo-omu 1.5, valvu inapitisha miliampea 1. Miliampea hiyo ikipita kwenye rezista ya kilo-omu 100 ya anodi (sehemu inayopokea elektroni) inashusha volti 100, kwa hiyo umeme wa 250 utaonekana 150 kwenye mguu wa 1 au wa 6. Kathodi ikisoma sifuri, valvu hailali njaa bure: ama haipati moto, ama rezista ya anodi imekatika. Na gridi, sehemu inayopokea sauti inayoingia, mguu wa 2 au wa 7, katika hatua ya kawaida isiwe na volti chanya. Ikiwa nazo, kapasita iliyo kabla yake inavuja.

Mwanga, Kigoma
*Priamplifaya yangu ilikuwa inavuma mmm muda wote. Fundi akafungua plagi akaachanisha waya wa ethi, na kweli mvumo ukaisha. Ila mke wangu akigusa boksi anahisi vijisindano vidoleni. Kuna ubaya?*

Ndugu yetu, chomoa plagi sasa hivi na urudishe ethi kabla ya kuiwasha tena. Vijisindano hivyo ni umeme unaovuja kidogo kutoka transfoma hadi kwenye bati. Leo ni kidogo. Siku waya wa ndani ukigusa bati, boksi zima linakuwa na volti 230 na fyuzi haitakatika, kwa sababu ethi ndiyo njia ya kuikata. Mwenye kuosha vyombo akaja kupunguza sauti kwa mkono wenye maji hatapata nafasi ya pili.

Mvumo una sababu yake. Priamplifaya ina ethi, amplifaya nayo ina ethi, na kebo ya sauti inaziunganisha tena. Umetokea mduara, na mduara huo unanasa mvumo wa hezi 50 wa umeme wa nyumbani. Chomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja yenye ethi ya kweli, kebo za sauti ziwe fupi na zifuatane. Mvumo ukipungua, umeuona mchawi. Usipopungua, chomoa kebo zote za kuingizia sauti, na kwenye tundu la kuingizia weka pini ya RCA (ile plagi ya mviringo ya kebo ya sauti) ambayo umeunganisha katikati yake na ukingo wake. Kimya sasa? Tatizo liko gramafoni: mara nyingi ule waya wake mwembamba wa ethi haukufungwa kwenye skrubu ya nyuma, au gramafoni iko juu ya transfoma. Isogeze sentimita 30 na zaidi. Mvumo ukibaki, sikiliza sauti yake. Ule mzito wa hezi 50 hutoka kwenye nyaya za moto wa valvu, ambazo zinatakiwa zisokotwe pamoja na kubanwa pembeni ya chesisi. Ule wa hezi 100, wenye ukali kama nyuki, ni kapasita za kuchujia zilizochoka.

Kama ni mduara tu na umekataa kutoka, fundi anayejua aweke rezista ya omu 10, wati 5, kati ya upande wa chini wa saketi ya sauti na chesisi. Waya wa kijani-njano kwenye bati lenyewe hauguswi kamwe. Na mwite fundi umeme apime ethi ya nyumba pia.

Ujiji
*Wanangu, nimeunganisha priamplifaya ya valvu na amplifaya mpya ya transista, kwa kebo ya mita tano kwa sababu amplifaya iko upande wa pili wa sebule. Besi imekauka na santuri zinasikika kama zimefunikwa blanketi. Masikio yangu ya kistaafu, au mitambo?*

Shikamoo mzee wetu. Masikio yako yako sawa kabisa. Valvu ya ECC83 inayotoa sauti moja kwa moja kwenye anodi ni dhaifu kusukuma. Ukinzani wake wa kutolea ni kama kilo-omu 40. Kebo ya kawaida ina takriban pikofaradi 100 kwa mita. Mita tano zinafanya 500, na hapo sauti za juu zinaweza kuanza kushuka kwenye hezi 8,000. Ndiyo blanketi lako. Kwa mita moja mshuko huo unasogea hadi hezi 40,000, ambako sikio halifiki. Kwa hiyo sogeza amplifaya karibu na urefushe nyaya za spika.

Besi ina habari nyingine. Kapasita ya kutolea sauti ya mikrofaradi 0.47 ikikutana na amplifaya ya valvu yenye ukinzani wa kilo-omu 47, besi inashuka chini ya hezi 7, hutaona. Amplifaya nyingi za transista zina kilo-omu 10 tu, na hapo mshuko unapanda. Mikrofaradi 2.2, volti 400 au zaidi, inaweza kusaidia besi. Ila kilo-omu 40 kusukuma 10 bado kunakula sauti kubwa. Dawa kamili ni hatua ya nyongeza ya kathodi inayofuata, yaani valvu inayotolea sauti kwenye kathodi badala ya anodi, kazi ya fundi na valvu moja ya ECC82.

Kanyenye, Tabora
*Nimeletewa ya Marekani, imeandikwa volti 117, hezi 60. Nibadili plagi tu?*

Hapana, dada yetu. Volti 230 ndani yake ni karibu maradufu: moto wa valvu wa 6.3 unakuwa zaidi ya 12, na 300 zinakaribia 600 kwenye kapasita za 450. Ni suala la sekunde. Nunua transfoma ya kushusha 230 hadi 115, ya uwezo wa VA 100, ya aina yenye koili mbili zilizotengana, na yenye soketi ya ethi. Hezi 50 zetu zitaifanya transfoma ya ndani ipate joto zaidi kuliko kwao, basi baada ya saa moja iguse kwa nje ikiwa imechomolewa. Mkono ukishindwa kukaa, usiendelee kuitumia.

Kwa kifupi

*Kipi kiwashwe kwanza?* Priamplifaya. Ngoja dakika moja valvu zipate moto, ndipo amplifaya. Kuzima ni kinyume: amplifaya kwanza, nusu dakika, kisha priamplifaya. Ukikosea, spika ndizo zinazopigwa ule mdundo mzito.

*Valvu moja inalia kengele nikipita.* Gonga kila valvu taratibu kwa penseli. Inayolia zaidi ihamishie hatua ya mwisho, mbali na gramafoni, ambako sauti haikuzwi tena sana.

*Valvu ya E88CC inaingia tundu la ECC83?* Inaingia, na ndiyo hatari. ECC83 huunganishwa moto miguu ya 4 na 5 pamoja dhidi ya 9. E88CC ni 4 dhidi ya 5, na haivumilii volti za anodi za mwenzake.

*Sola na inveta, Kibirizi.* Chukua inveta ya wimbi safi. Zile za wimbi la ngazi zinaifanya transfoma ing'orote, na ule mlio unaingia kwenye sauti.

*Kitambaa cha kudarizi juu ya boksi?* Kiondoe. Acha sentimita 10 wazi juu yake, na usiweke chombo cha maua.

*Radi zikianza?* Chomoa plagi, na waya wa antena pia kama redio imeunganishwa. Kuzima swichi hakutoshi.