Mkuu, futa hiyo 100 kabla mwaka haujaanza

Nimelisoma swali lako hadi pale ulipoandika "mwaka mpya lazima nifikishe vitabu 100, viwili kila wiki", nikaishiwa uvumilivu. Najua umeuliza na mengine: usomee simu au karatasi, uchanganye vipi riwaya na vitabu vya maarifa, uweke wapi kumbukumbu. Tutafika huko. Kwanza hiyo 100.

Mimi nilijiwekea 52, karibu nusu ya yako, na bado nusura inifanye nichukie vitabu.

Piga hesabu ambayo mimi sikuipiga. Mwaka 2019 mwanasaikolojia Marc Brysbaert alikusanya tafiti nyingi za usomaji, akapata kwamba mtu mzima anayesoma kimya kimya vitabu visivyo vya kubuni kwa Kiingereza husoma kwa wastani maneno 238 kwa dakika. Tuseme kitabu kina maneno 80,000. Vitabu 100 ni maneno milioni 8. Gawanya mwenyewe: ni kama dakika 92 kila siku, bila homa, bila msiba, bila wageni wa ghafla. Kwa Kiswahili hesabu itasogea kidogo maana maneno yetu ni marefu zaidi, ila usitegemee msamaha mkubwa hapo.

Lakini muda si tatizo kubwa. Tatizo ni namba inavyokugeuza. Mwaka haujafika mbali nikawa nimeachwa nyuma, na programu niliyoweka kwenye simu ikawa inanikumbusha kila nikiifungua kwamba nina deni. Mtu mzima na familia yangu, nadaiwa vitabu na simu! Nikaanza kuchagua vitabu kwa wembamba. Naingia maktaba, naegemeza kichwa begani, jina la kitabu silitazami, natazama mgongo wake: ukizidi unene wa kidole, narudisha. Vya sauti nikawa nasikiliza kwa kasi maradufu huku naosha vyombo. Kuna mahali msimulizi alikuwa anamlilia mama yake aliyefariki, nami nasikia kama mtu anaendesha mnada. Nikaweka alama ya "nimemaliza", nikaendelea na sufuria.

Sasa hapa ndipo nilipoumia. Kulikuwa na riwaya moja nene niliyoitamani tangu ujana. Mwaka mzima ilikaa pale pale, kwa sababu ingenila wiki tatu na kuhesabiwa moja tu. Soma tena hapo, mkuu. Kitabu nilichokitaka kwa moyo nilikikwepa kwa kuwa kingenichelewesha kufikia idadi, nikasoma vijitabu ambavyo hata ukinishikia fimbo sikutajii kimoja kilisema nini.

Aibu ikaja na binamu yangu. Akavuta kitabu rafuni, kimojawapo cha vile nilivyovipa nyota tano mbele za watu, akaniuliza, "Hivi yule dada mkubwa aliishia wapi?" Nikakohoa. Nikamwambia sitaki kumharibia utamu. Akakifungua. Mistari yangu ya penseli ilikuwa imejaa sura ya kwanza, ikapungua ya pili, kuanzia ya tatu karatasi nyeupe mpaka mwisho. Akakirudisha taratibu, hakusema neno. Afadhali angenicheka.

Na wa kulaumiwa yupo. Ni mhamasishaji mmoja wa kwenye video, suti imenyooka, rafu ya vitabu nyuma yake imepangwa kwa rangi (hilo peke yake lingenishtua). Alisema matajiri wote husoma kitabu kwa wiki. Hakumtaja hata mmoja. Kisha akaniuzia kozi ya kusoma kwa kasi, nami nikalipa haraka kweli kweli. Kasi pekee niliyowahi kuipata kwenye kozi ile. Biashara hiyo wala si ngeni, Evelyn Wood aliianzisha Marekani mwaka 1959. Mwaka 2016 watafiti wa usomaji, Keith Rayner na wenzake, walipitia tafiti zilizopo wakaeleza wazi: ukiongeza sana kasi, unapoteza uelewa. Yule mhamasishaji akaongeza kwamba tabia hujengeka kwa siku 21. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walipowafuatilia watu, wastani ulikuwa siku 66, na makadirio yalitofautiana toka siku 18 hadi 254. Tena waligundua kuruka siku moja hakuharibu kitu. Ningeyajua hayo mapema, siku ya kwanza niliyokosa kusoma nisingejiona mfu.

Kwa hiyo jiwekee muda, achana na idadi. Dakika 30, mahali pale pale, mara tu baada ya jambo ambalo tayari unalifanya kila siku. Kwa kasi ile ya 238 ni zaidi ya maneno 7,000 kwa siku, milioni 2.6 kwa mwaka, yaani vitabu kama 32 vya kawaida. Ila nakuomba usivihesabu! Ukikutana na ukurasa mtamu, urudie, hakuna anayekudai. Kitabu kikikuchosha, kiache bila kuomba radhi. Ile riwaya yangu nene nimeimaliza hivyo hivyo, na yule dada mkubwa wa kitabuni, aliyeniulizia binamu, nikarudi kumfuatilia. Aliishia pabaya, maskini.

Ehe, simu au karatasi? Chochote kisichokuletea ujumbe wa kikundi cha harusi katikati ya aya. Mengine uliyouliza wadau watakusaidia, mimi nimeshachoka na hasira.

Wewe nijibu moja tu hapa chini: ni kitabu gani kinene unachokikwepa? Anza na hicho.