Hukumu ya kurasa 60 na wiki ya kwanza ya sheria

SWALI: Mwalimu, Jumatatu nimeanza mwaka wa kwanza wa shahada ya sheria. Hadi Ijumaa natakiwa niwe nimesoma hukumu nne na sura mbili za kitabu. Ile ya Donoghue dhidi ya Stevenson peke yake imenila saa sita. Nimeipaka rangi kurasa zote, lakini kwenye semina nikashindwa kujibu hata swali la kwanza. Nakosea wapi?

JIBU: Unaisoma hukumu kama riwaya, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ukingoja mambo yajifungue yenyewe. Hukumu huwaandikia kwanza watu wanaojua tayari wanagombania nini. Wewe hujui, kwa hiyo anzia mwisho.

Tenga dakika 20. Soma muhtasari ulio juu, kisha ruka hadi aya za mwisho uone nani ameshinda na mahakama imeamuru nini. Muhtasari huo umeandikwa na wahariri wa ripoti, si majaji. Utumie kama ramani, usiunukuu. Kwenye ripoti za zamani kama hii, baada ya muhtasari huja hoja za mawakili, na wageni wengi huzinakili wakidhani ni kauli ya mahakama. Tafuta jina la jaji. Sheria unayoitafuta inaanzia hapo.

Sasa isome kwa saa moja, penseli mkononi badala ya kalamu ya rangi. Ukurasa uliopakwa rangi wote haujachagua chochote. Pembeni andika neno moja tu kwa kila aya: matukio, swali, sababu, amri. Kisha funika hukumu, na kwa dakika 20 jaza ukurasa mmoja kwa maneno yako. Usipoweza, rudi kwenye sehemu iliyokukwamisha peke yake.

Tuitumie kesi yako. Rejea yake ni [1932] AC 562: mwaka, ripoti za kesi za rufaa, ukurasa inapoanzia. Mabano ya mraba yana maana kwamba bila mwaka huo hulipati juzuu. Mwaka 1928, mjini Paisley, Scotland, Bi. Donoghue alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake. Chupa ilikuwa nyeusi, haionyeshi ndani. Alidai kwamba mlitoka mabaki ya konokono aliyeoza, naye akaugua. Usiipite ile habari ya rafiki: aliyenunua si yeye, hivyo hakuwa na mkataba wa kuushikilia. Ndiyo maana alimfuata mtengenezaji, Stevenson, kwa madai ya uzembe.

Historia ya shauri nayo iandike. Alishinda kwa jaji wa kwanza, akashindwa kwenye rufaa, akapanda hadi Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa kwa rufaa kama hiyo. Huko ndiye mrufani. Usipofuata nani ni nani katika kila ngazi, utajikuta unamsifu mshindi kwa hoja za mshindwa.

Swali la kisheria liwe sentensi moja yenye matukio ndani yake: je, mtengenezaji wa kinywaji kilichofungwa ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji asiye na mkataba naye, ikiwa hakuna nafasi ya kukikagua njiani? Jibu lilikuwa ndiyo, majaji watatu kwa wawili. Lord Buckmaster na Lord Tomlin walipinga; maneno yao yanafaa kukufundisha upande wa pili, lakini si sheria iliyotoka humo.

Na hapa ndipo semina nyingi hukwama: mahakama iliona konokono chupani? Hapana. Uamuzi ulihusu swali la sheria tu, kwa kuchukulia kwamba madai ni ya kweli. Konokono hakuwahi kuthibitishwa.

Kazi ngumu zaidi ni kutenga ratio decidendi, yaani msingi wa uamuzi, na maneno mengine ya jaji. Kauli ya Lord Atkin, mmoja wa wale majaji watatu, kuhusu jirani (kwamba ujihadhari usimdhuru yeyote ambaye ungeweza kuona mapema kuwa kitendo chako kitamgusa) ni pana mno. Uamuzi wenyewe unamhusu mtengenezaji na mlaji wake. Jipime kwa kubadili tukio moja. Chupa ingekuwa angavu na muuzaji angeweza kumwona konokono, je, jibu lingebaki lilelile? Tukio ambalo ukiligusa jibu linayumba ni sehemu ya msingi.

Kwa vifungu vya sheria, anza na kifungu cha tafsiri, kile kinachoeleza maana ya maneno yaliyotumika, kisha angalia viunganishi. “Na” hutaka masharti yote yatimie. “Au” huridhika na moja. “Isipokuwa” inaweza kupindua yote yaliyotangulia.

Kuhusu muda: hukumu ndefu ipe dakika 100 hivi, kisha pumzika. Zikizidi mbili kwa siku, ya tatu hutaielewa. Hukumu huja kabla ya sura za kitabu ikiwa semina ni ya kesho. Msigawane kesi na wenzako kwa sasa, kwa sababu kinachotafutwa wiki hii ni mkono wa kuzisoma. Kila mmoja aandike ukurasa wake, halafu mkutane watatu au wanne mlinganishe sentensi moja tu, ile ya swali la kisheria. Mkitofautiana, fungueni hukumu mtafute aya inayoamua.